Joka la Kwenye Chupa ya Chai

Enzi zetu mtu akihama, alihama kweli. Hapakuwa na kupiga simu kwamba umefika salama, wala kutuma picha ya nyumba mpya kabla hujatua mizigo. Ukishapanda treni, waliobaki stesheni walikuhesabu kama mtu aliyeingia ndani ya hadithi, na kama ulitokea upande wa pili ukiwa mzima, walikuja kujua baada ya miezi, kwa barua.

Sisi tulipandia Kilosa, daraja la tatu, watu watano: baba, mama, mimi niliyekuwa na miaka tisa, na wadogo zangu wawili ambao safari nzima walilala, wakaamka, wakalia, wakalala tena. Baba alikuwa fundi wa mitambo. Alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba huko Bariadi, mahali ambapo mama alikuwa hajawahi hata kupasikia. Mali yetu yote ilikuwa ndani ya magunia mawili na sanduku la bati. Kitu kimoja tu hakikuwekwa kwenye gunia, nacho ni chupa ya chai. Mama aliipata siku ya harusi yake: chupa nyekundu ya Kichina, na ubavuni imechorwa joka la rangi ya dhahabu, lenye masharubu na magamba na miguu minne ya kucha, likijiviringa kati ya mawingu. Mama aliipakata kama mtoto. Watoto wenyewe tulijishikilia popote palipopatikana.

Dodoma tulikula vumbi. Itigi vijana walikimbia pembeni mwa behewa wakiuza asali. Tabora ndiyo ilituchosha, kwa sababu pale mabehewa yalikatwa, ya Kigoma huku na ya Mwanza kule, tukasukumwa mbele na nyuma saa nyingi mpaka mdogo wangu akashangilia akidhani tunarudi nyumbani. Hapo ndipo mama aliposinzia, na baba akaniwekea ile chupa mapajani akasema maneno ambayo aliyarudia katika kila safari yetu iliyofuata: "Wewe shika chupa. Mengine yatafika yenyewe."

Kwa hiyo kutoka Tabora mpaka Malampaka mimi na lile joka tulitazamana uso kwa uso. Nilihesabu kucha zake, nikahesabu masharubu. Tuliposhuka Malampaka tulidandia lori lililobeba magunia matupu ya pamba, tukapita Maswa, tukaingia kwenye tambarare ambayo mwisho wake sikuuona. Ng'ombe, mawe, ng'ombe tena. Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika Bariadi, na sauti ya kwanza niliyoisikia ni ya mtambo wa kiwanda ukinguruma kama mnyama aliyelishwa akashiba.

Vyumba viwili tulivyopanga vilikuwa uani kwa mama mmoja mjane, mtu wa miaka hamsini na kitu. Kila mtu alimwita Mayu Minza. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana kuliko ya baba, na kicheko kilichovuka ukuta. Alitupokea na bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, na juu yake karanga. Mama akammiminia chai. Mayu Minza akakiacha kikombe, akaishika chupa, akaigeuza taratibu mikononi.

"Huyu mnamjua?" akauliza.

"Ni pambo tu, mama," mama yangu akajibu.

"Pambo!" Kile kicheko kikatoka. "Huyu ni wa mvua. Si unaona yuko mawinguni? Nyoka wa kawaida atafuata nini mawinguni?"

"Na hiyo miguu?"

"Miguu wote wanayo. Wengine wanaificha."

Mama alitabasamu kwa adabu. Hakujua kwamba mwenye nyumba wake alikuwa akizungumza kama mtaalamu. Tulikuja kujua siku ya tatu, mama alipokwenda kuazima ungo, akakuta chumbani kwa Mayu Minza kuna tenga kubwa lenye mfuniko, limefungwa kwa kitambaa cheusi, na tenga linapumua. Mayu Minza alikuwa muyeye, mmoja wa wale Wasukuma wanaofuga nyoka, wanaocheza nao ngomani, na wanaojua dawa za kuumwa na nyoka. Ndani ya tenga alikaa chatu, ambaye kule wanamwita sato, mrefu kuliko kitanda chetu. Jina lake Ng'wana Mbula, yaani mtoto wa mvua. Alikuja mwenyewe uani pale mwaka fulani mvua ilipoanza, akiwa na urefu wa mkono tu. Kwa desturi ya nyumba ile sato akija hapigwi. Anatandikiwa kitambaa cheusi, ananyunyiziwa unga, anasalimiwa kama mgeni mwingine yeyote. Wengi huondoka zao. Huyu alibaki.

Mama alirudi mbio akaanza kufunga magunia. "Nyoka ni nyoka," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake yote, tangu siku hiyo na kwa miaka iliyofuata. Baba akamwambia msimu wa pamba umeanza, vyumba vimejaa watu, na kama anataka kulala kwenye lori, lori limeshaondoka. Tukabaki. Mama akahamishia kitanda ukuta wa mbali na akaongeza rozari moja kila jioni.

Nikikaa leo na watu wa rika langu tuliokulia kule, hatukosi kuulizana kama tunakumbuka. Unakumbuka kuruka kwenye lundo la pamba, unazama mpaka kifuani, unatoka na nyusi nyeupe kama mzee, halafu fimbo inakusubiri nyumbani kwa sababu pamba ilikuwa imekusaliti masikioni? Unakumbuka ng'ombe wa udongo, mtu ana zizi la ng'ombe arobaini chini ya uvungu na anamwozesha dada yake kwa ng'ombe kumi waliopasuka pembe? Maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Ugali wa mtama mweusi, na mlenda unaovutika toka bakulini mpaka mdomoni bila kukatika. Na salamu! Asubuhi ukipita bila kusema "mwangaluka" kwa kila mkubwa, habari zilifika nyumbani kabla yako. Mimi mtoto wa kuja nilijifunza neno hilo kabla ya jina la mtaa wangu.

Rafiki yangu alikuwa Masunga, jirani, mtoto mwenye maswali. Tulisoma darasa moja kwa Mwalimu Ng'wandu, mtu mwembamba aliyevaa koti hata Oktoba. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa hakikuwa na somo, naye alikijaza kwa kutusimulia dunia. Alikuwa ameanza na simba, akaenda tembo, lakini siku alipogusa nyoka hatukumruhusu kutoka hapo. Alituambia watu wa kale wa Misri waliamini kwamba jua likizama, joka hulivizia chini ya dunia, na kila alfajiri ni ushindi mpya. Alituambia wenyeji wa Australia wanaona kwamba upinde wa mvua ni nyoka aliyechimba mito kwa tumbo lake. Kule Meksiko kulikuwa na nyoka mwenye manyoya ya ndege. Kule kwenye barafu, kaskazini kabisa, walisema liko joka limeizunguka dunia nzima na limeuma mkia wake. Likiuachia, kila kitu kinamwagika.

Masunga akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo wa kuzunguka dunia, anapita Maswa au anapita Meatu?"

"Anapita baharini, Masunga."

"Aa. Ndiyo maana hatujamwona."

Darasa likacheka, mwalimu akacheka pia, halafu akasema jambo ambalo sijalisahau. Alisema watu hawa hawakuwahi kukutana, hawakuandikiana barua, lakini kila mmoja alipotaka kueleza kitu kikubwa kuliko yeye, alimtaja nyoka. Nilitazama darasa zima nikaona hakuna aliyeshangaa. Watoto wa pale walikuwa wamekua wakiona sato akibebwa mabegani, amepambwa unga, watu wakimpisha njia. Kwao dunia ilikuwa inakubaliana nao tu.

Mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Jumapili nilikaa kanisani chini ya picha ya malaika Mikaeli amemkanyaga joka shingoni, mkuki juu. Jumatatu nikirudi kutoka shule nilipita uani nikamkuta Mayu Minza anamwogesha Ng'wana Mbula kwa maji ya vuguvugu, akimsemesha kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda kliniki. Nilimuuliza mama nani kati yao ana haki. Akasema, "Mikaeli." Nilimuuliza Mayu Minza. Akafikiri, akasema, "Yule wa Mikaeli alifanya kosa. Huyu wangu kafanya kosa gani?"

Basi Ijumaa moja nikajiponza. Nilisimama darasani nikatangaza kwamba nyoka wana miguu, na kwamba nyumbani kwetu ninao ushahidi kwenye chupa ya chai. Walicheka mpaka watoto wa darasa la nne wakachungulia dirishani. "Mtoto wa fundi ana nyoka wa miguu!" Wiki nzima niliitwa Miguu. Mtu mzima husahau jinsi jina kama hilo linavyouma ukiwa na miaka tisa na bado unachanganya maneno ya Kisukuma.

Alhamisi iliyofuata Mayu Minza alikwenda mnadani. Keshokutwa yake, Jumamosi, kikundi chake kilikuwa kinakwenda Lagangabilili kushindana. Mashindano ya ngoma kule, kama hujayaona, ni hivi: vikundi viwili vinapiga kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na watu wanakwenda wanakovutwa. Atakayebaki na watu wengi kashinda. Wapinzani wao walikuwa na sato watatu. Mayu Minza alikuwa na mmoja, na mwaka uliotangulia alishindwa.

Niliingia chumbani kwake mchana. Sheria ya tenga lile tuliijua watoto wote, alituimbia kila alipotuonyesha: ukifungua unamsalimia, ukifunika unamwambia unafunika, na kitambaa unakifunga mafundo mawili. Nilifungua nikamsalimia kweli. Alikuwa amejikunja, amelala, ngozi yake ina michoro ya kahawia na dhahabu ambayo hakuna mfumaji aliyewahi kuifikia. Nilipeleka mkono, nikapapasa ubavu wake kwenda chini, chini zaidi, mpaka pale mkia unapoanzia. Na pale, huku na huku, nikazikuta. Kucha mbili, ndogo kama za jogoo mchanga, zimetokeza kwenye magamba.

Miguu! Ilikuwepo! Aliificha!

Nilitoka mbio kama niliyemwagiwa maji ya moto, kwenda kumtafuta Masunga. Mfuniko niliurudisha. Kitambaa nilikiacha sakafuni.

Tuliporudi na Masunga, tenga lilikuwa jepesi.

Mayu Minza alipofika na kapu lake kichwani, alilitazama tenga, akatazama kitambaa, akakaa chini palepale mlangoni. Hakuuliza ni nani. Baadaye akasimama, akapita nyumba kwa nyumba akisema maneno yaleyale: "Mkimwona msimguse. Niiteni tu." Mimi nilikaa ukutani nikiwa kimya, na Masunga, ambaye kimya hakukiweza, alikiweza siku hiyo kwa ajili yangu. Majirani hawakuwa tatizo, kwani hakuna ambaye angemgusa sato. Tatizo lilikuwa watu wa kuja, waliojaa mjini msimu ule, watu wa mikoa ambako nyoka akionekana anakufa. Watu kama sisi.

Ijumaa sikula asubuhi. Mchana mama akanituma kiwandani kumpelekea baba chakula, pamoja na chai ndani ya ile chupa. Nilipovuka geti nikaona watu wamekusanyika kwenye lundo la pamba isiyochambuliwa, lile kubwa ambalo bomba hulifyonza na kulipeleka kwenye mtambo. Wapakuzi, ambao karibu wote walikuwa wenyeji, walikuwa wamerudi nyuma na kuvua kofia. Juu ya pamba, katika joto alilolifuata, Ng'wana Mbula alikuwa amejikunja kama kamba ya meli. Bomba lilikuwa linakula lundo kwa chini, na kila lilipokula, yeye aliteremka kidogo kuelekea mdomo wa bomba.

Mafundi walitoka na nondo. Baba alikuwa mbele.

"Upesi!" msimamizi wa zamu alikuwa anafoka. "Muueni tuendelee, mtambo hauzimwi kwa ajili ya nyoka!"

Nilisikia sauti yangu kabla sijajua nimefungua mdomo. "Baba, usimpige! Ni wa Mayu Minza! Ni mimi niliyemfungulia!"

Baba akageuka na nondo juu. "Wewe?"

"Nilitaka kuona miguu."

"Miguu gani?" fundi mmoja akauliza, na hata katika hofu ile wawili watatu walicheka.

Baba hakucheka. Alinitazama, akatazama chupa mkononi mwangu, akamtazama nyoka, ambaye wakati huo alikuwa ameteremka tena kwa urefu wa hatua moja. Kisha akaiweka nondo chini, akatembea, hakukimbia, mpaka kwenye ukuta wa swichi, akazima mtambo.

Sijui nieleze vipi ukimya ule. Tangu tulipofika sikuwahi kuisikia Bariadi bila ile ngurumo mchana. Nilisikia ndege. Nilisikia mtu barabarani akiuza maandazi.

"Fundi! Nani kakuruhusu?" msimamizi akauliza.

"Hakuna," baba akasema. "Andika jina langu."

Mpakuzi mmoja alikuwa ameshakimbia kumwita mwenyewe. Mayu Minza alifika akihema, khanga imelegea, akapanda lundo kwa magoti huku akimsemesha kwa Kisukuma cha taratibu, akamwinua kichwa, akamweka begani. Wanaume watatu wakambeba kiwiliwili. Akipita mbele ya baba, mama yule mkubwa aliyemzidi umri alipiga goti kidogo, kama wanavyofanya wanawake wa kule kwa mtu wanayemheshimu. "Wabeja, bhabha," akasema. Ahsante, baba. Kwangu hakusema kitu, na hicho ndicho kipigo nilichokipata siku hiyo, kwa maana nyumbani hakuna aliyenigusa. Baba alipata barua ya onyo, akaitia kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vyake, akaniambia, "Kesho asubuhi utakwenda kwa mwenye nyoka. Utasema mwenyewe, kwa mdomo wako."

Nilikwenda. Nilisema. Mayu Minza alikuwa anampaka nyoka wake unga, tayari kwa safari.

"Uliiona?" akauliza.

"Niliiona, mayu. Miwili. Midogo."

"Wako wanaume hapa wamecheza na sato miaka ishirini hawajaiona." Akafuta unga viganjani. "Basi adhabu yako ni mkia. Utaubeba leo mpaka ngoma iishe, na ukiuachia nitakuacha hukohuko Lagangabilili."

Nilimtazama mama, nikijua atasema nini. Alisema, "Nyoka ni nyoka." Halafu akaenda ndani akaleta shati langu la kanisani.

Mkia wa sato ni mzito kuliko unavyodhani, nao uko hai kila mahali, unakubana mkono kama mtu anayekuuliza kama upo. Niliubeba kuanzia jua la saa nne mpaka saa kumi. Upande wa pili walikuwa na sato wao watatu, ngoma kubwa, na filimbi, na watu walikuwa wengi kwao mpaka wakati wa adhuhuri. Kisha Mayu Minza akasimamisha ngoma zetu. Kimya. Akaingiza kichwa cha Ng'wana Mbula katikati ya viganja vyake, akasujudu naye mpaka chini, akainuka naye taratibu mpaka mikono ikanyooka juu, na nyoka yule akajinyoosha zaidi ya mikono, peke yake, juu, kama aliyechungulia kuona mawingu yamefika wapi. Uwanja ukavuta pumzi. Watu wakaanza kuhama, mmoja, watano, halafu kama ng'ombe walioona maji. Na katikati yao, kitenge kimefunika mdomo, nikamwona mama yangu, aliyesema anabaki nyumbani.

Jumatatu darasani hakuna aliyeniita Miguu. Masunga alihakikisha, kwa kusimulia mambo ambayo hata hayakutokea.

Baada ya hapo nimetembea sana. Miguu yangu haikai. Nimefanya kazi Mbeya, nimefanya Songea, nimevuka Ruvuma, nimefika Lusaka na Nairobi, na kote nimekuwa nikimtafuta yule mnyama bila kupanga. Nairobi nilimwona kwenye picha ya duka la Mhabeshi, mtakatifu juu ya farasi mweupe anamchoma. Dar es Salaam nilimwona kwenye hekalu la Wahindi, swila ametandaza shingo kumkinga mungu wao asinyeshewe. Na miaka michache iliyopita, kwenye kambi ya Wachina wanaojenga barabara, nikamkuta getini, dhahabu juu ya nyekundu, masharubu na kucha, yuleyule. Nilimuuliza msimamizi wao, aliyejua Kiswahili cha kuokoteza, huyu ni nani. Akaonyesha juu. "Huyu mvua," akasema. "Yeye leta mvua." Nilicheka mpaka yule mzee akaogopa. Mjane wa Bariadi ambaye hakuwahi kuvuka Shinyanga aliyasema hayohayo kwa kutazama chupa ya chai mara moja.

Leo mpwa wangu ana majoka thelathini kwenye simu. Yanatema moto, yanapigana, yanauzwa na kununuliwa. Anajua nguvu za kila moja. Juzi mjusi alipita ukutani, kijana wa miaka kumi na saba akapanda juu ya kiti na simu yake. Simlaumu. Joka lake halina uzito. Hakuna aliyewahi kumpa mkia aushike.

Tuliondoka Bariadi nilipomaliza kidato cha nne. Kiwanda kilikuwa kimebadilisha mikono, zamu zikapungua, halafu siku moja ngurumo ikazima na hakuna aliyeiwasha. Baba akasema turudi Kilosa. Ng'wana Mbula hakuwepo tena. Magoti ya Mayu Minza yalipomshinda, alimpeleka kwenye majani ya Mto Simiyu mvua za kwanza zilipoanza, akamwacha aende. Tenga alilibakiza palepale chumbani, tupu, na kitambaa juu yake.

Asubuhi ya kuondoka lori lilikuwa linaunguruma nje. Magunia yalikuwa matatu sasa, sanduku la bati lilelile. Baba alinigeukia kwa mazoea, "Wewe shika chupa," halafu akatazama huku na huku, kwa sababu chupa haikuwa mikononi mwangu wala mapajani kwa mama. Mama alikuwa ameshaingia nayo kwa Mayu Minza. Nilimfuata nikamkuta amesimama mbele ya tenga ambalo kwa miaka tisa hakulisogelea, chupa nyekundu imekumbatiwa kifuani, rangi ya joka imechujuka pale vidole vyake viliposhika.

"Mama Minza," akasema, "huyu ni wa mvua. Kilosa mito inafurika kila mwaka, atatuletea matatizo. Kaa naye wewe."

Mayu Minza hakucheka kile kicheko chake. Alifunua tenga, akaiweka chupa ndani taratibu, joka likitazama juu, akaliambia kwamba anafunika, akafunika. Kisha akaokota kitambaa cheusi akaninyooshea mimi.

"Funga wewe," akasema.

Nikapiga magoti. Nilifunga fundo la kwanza, nikafunga la pili, nikavuta kuhakikisha. Nje lori lilipiga honi, nami nikavuta tena.